Likizo Ndefu Huombwa Kabla ya Kufunga Mizigo

Katika nyumba ya askari likizo huingia kwa milango mitatu. Ya baba hutoka kambini au kituoni, nayo hutolewa na mkuu wake kwa kadiri kazi inavyoruhusu. Ya mama, ikiwa ameajiriwa kiwandani, dukani au hospitalini, hutoka kwa mwajiri ambaye hajui ratiba za jeshi wala hapaswi kuzijua. Ya watoto hupangwa na shule, ambazo hapa Uganda hufunga mwaka mwanzoni mwa Desemba na kufungua tena Februari. Ni nadra milango hiyo kufunguka siku moja. Ndipo jamaa hutafuta kuongezewa siku, na ndipo vibarua vingi huota nyasi.

Kosa lililo kubwa ni kuondoka kwanza na kuomba baadaye. Mtu hupewa siku kumi, akafika Arua au Kisoro, akaona shughuli za ukoo hazijamalizika, akapeleka salamu kwa mwenzake wa kazini: "Mwambie bosi nitachelewa kidogo." Neno "kidogo" halimo katika kalenda. Mwajiri asiyejua mtu wake atarudi lini hawezi kumpanga mwingine mahali pake, wala hawezi kuwajibu wateja. Machoni pake hiyo si likizo iliyoongezwa bali ni utoro, na yule aliyebeba salamu hugeuka shahidi bila ya kupenda.

Yafaa kwanza mfanyakazi ajue kilicho haki yake na kilicho hisani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye mshahara kamili kwa kipimo cha siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, maana yake siku 21 kwa mwaka. Wanaoipata ni wale waliotimiza angalau miezi 6 kwa mwajiri huyo na ambao kwa kawaida hufanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Wakati wa kuichukua hupatanwa baina ya pande mbili. Mfanyakazi hajichagulii peke yake, na mwajiri naye hawezi kuahirisha mwaka hadi mwaka kana kwamba deni halipo. Mkataba waweza kutoa siku nyingi zaidi, kwa hiyo usomwe. Siku yoyote inayozidi sheria na mkataba ni hisani, nayo huombwa kwa lugha ya kuomba.

Jamaa walio ng'ambo ya mpaka huchanganya hesabu hizi bila kukusudia. Shemeji aliye Dar es Salaam atasema yeye ana siku 28, na ni kweli; lakini siku za Tanzania huhesabiwa mfululizo, pamoja na sikukuu zinazoangukia humo. Aliye Nairobi ana siku 21 za kazi, ambazo kwa mtu wa siku tano kwa juma huzidi kidogo majuma manne. Haifai kumpelekea mwajiri wa Jinja sheria ya Nairobi.

Na tuchukue mfano wa mama aliye karani wa ghala, ambaye mumewe ni mwanajeshi aliyekuwa mbali na nyumbani mwaka mzima. Mume amesikia kwamba huenda akaruhusiwa Desemba, lakini tarehe hajapewa. Wengi katika hali hiyo hunyamaza hadi tarehe ijulikane, kisha humkabili meneja siku mbili kabla ya safari, na meneja akikataa nyumba hujaa manung'uniko. Mama mwenye busara humwendea meneja tangu Oktoba. Humweleza kwamba ruhusa ya mumewe haijathibitishwa, kwamba huenda ikaja kati ya tarehe fulani na fulani, na kwamba angependa kuweka akiba siku zake zilizosalia kwa ajili hiyo. Meneja aliyeambiwa mapema hupata nafasi ya kupanga watu. Aliyeshtukizwa hujibu kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni haki yake.

Tarehe ikithibitishwa, barua iandikwe siku hiyo hiyo. Ofisi nyingi za hapa hutumia Kiingereza, lakini mpangilio hauna tofauti:

"Kwa Meneja. Maombi ya likizo na nyongeza bila mshahara. Naomba kuchukua siku zangu 14 zilizosalia za mwaka huu kuanzia tarehe 10 Desemba. Naomba pia, kwa hisani yako, niongezewe likizo bila mshahara hadi tarehe 9 Januari. Sababu ni kwamba mume wangu, aliye jeshini, amepewa ruhusa katika majuma hayo, nasi hatujakaa pamoja na watoto tangu mwaka jana. Daftari za ghala nitazifunga tarehe 8 na kuzikabidhi pamoja na funguo kwa mwenzangu, ambaye amekubali. Nitaripoti kazini tarehe 10 Januari asubuhi. Nitashukuru kupata jibu la maandishi kabla ya tarehe 20 Novemba, ili nijue kama ninunue tikiti."

Barua hii haina machozi, wala haihitaji. Sababu ya kweli ikielezwa kwa maneno machache huwa na uzito kuliko ugonjwa wa kubuni. Wapo waajiri ambao wamekwisha kuchangia mazishi ya shangazi mmoja mara tatu. Kinachomlainisha meneja zaidi ni pale panaposemwa nani atashika kazi. Nakala ibaki kwa mwombaji, na jibu likiwa la mdomo tu, aombe kwa adabu liandikwe. Meneja aliyekubali Novemba aweza kuhamishwa Desemba.

Ikiwa jibu ni kukataliwa, pabaki mazungumzo. Huenda mwajiri asiweze kutoa mwezi mzima lakini akatoa majuma matatu, au akaruhusu baada ya mwaka mpya, biashara inapopoa. Kuondoka licha ya kukatazwa ni kuacha kazi kwa jina jingine.

Kwa baba mwenye sare mambo ni makali zaidi. Sheria ya Ajira haiwahusu wanajeshi wa Uganda, isipokuwa raia walioajiriwa jeshini. Mwanajeshi yuko chini ya sheria ya jeshi, ambamo kutokuwapo bila ruhusa ni kosa la kushtakiwa. Karatasi ya ruhusa ikionyesha tarehe ya kurudi, hiyo ndiyo tarehe. Nyongeza huombwa kwa mkuu mwenye mamlaka ya kuitoa, kwa kupitia ngazi zake, na siku hazijesha. Kumpigia simu rafiki aliye kambini si kuomba nyongeza, hata kama rafiki huyo amejibu, "Hakuna shida, afande." Kwa polisi yafaa pia kutazama kalenda ya nchi. Uchaguzi mkuu ulifanyika Januari 14, 2021, na tena Januari 15, 2026, hivi kwamba Krismasi zilizotangulia ziliangukia katikati ya kampeni. Msimu wa namna hiyo mke wa polisi asijenge mipango yote juu ya Desemba.

Yapo pia yasiyopangwa na mtu. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo kwa muda wa miezi kadhaa, na magari ya Gulu na Arua yakalazimika kuzunguka njia nyingine. Mtoto aweza kuugua, au mzee akafariki siku ya kufunga mizigo. Hapo mfanyakazi ampashe habari mwajiri mwenyewe kabla likizo haijesha, ataje sababu na tarehe mpya iliyo kamili, kisha ahifadhi cheti cha daktari au tikiti ya basi. Askari aliyekwama naye amjulishe mkuu wake bila kukawia, na akiweza aripoti katika kambi au kituo kilicho karibu, ili pawepo kumbukumbu ya mahali alipokuwa.

Kuna hesabu moja ambayo mume na mke waifanye mezani kabla ya barua kupelekwa. Likizo bila mshahara ya Desemba na Januari hupunguza fedha za mwisho wa Januari, na Februari shule hufunguliwa. Karo, sare na daftari havitangoja. Nyumba iliyoanza kuweka akiba tangu Agosti yaweza kuomba mwezi mzima. Iliyochelewa iombe majuma mawili, na watoto watangulie kwa bibi.