Tusisubiri msiba ndo tupande Noah pamoja

Chuo kimefunguliwa, boom bado halijatoka, na juzi hapa hosteli nimebishana na rumeti wangu mpaka saa 7 usiku. Kisa? Nilimwambia kuwa mzee wangu aliuza magunia ya tangawizi, akakodi Noah, akatubeba familia nzima kutoka Same mpaka Dar kwenda kuangalia mpira. Jamaa akasema huo ni ujinga, hela ile ingeezeka jiko.

Nianze kwa kukiri. Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Na ni kweli mabati ya jiko la mama yalikuwa kwenye mahesabu, na mpaka leo jiko linavuja. Sisi Wapare mnatutania kwa ubahili, eti tunauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, kwahiyo mzee kutoa hela ya mpira ilikuwa habari ya kijiji kizima.

Mechi yenyewe ilikuwa ya ufunguzi wa CHAN, tarehe 2 Agosti 2025, Taifa Stars na Burkina Faso, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nyumbani mama ni Simba damu, mzee ni Yanga. Stars ndo timu pekee isiyoleta ugomvi mezani.

Tuliondoka alfajiri na makande kwenye hotpoti. Makanya, Hedaru, Mombo, mashamba ya mkonge ya Korogwe, Segera, Chalinze. Zaidi ya kilomita 400 za kugombania dirisha. Mzee wangu si muongeaji, ila siku ile aliongea kuliko mwaka mzima. Alitusimulia 1979, yeye akiwa dogo, walivyojazana kwenye redio ya jirani Peter Tino alipofunga kule Ndola, sare ya 1-1 na Zambia ikatupeleka fainali za Afrika za 1980 Nigeria. Miaka yote nimekaa naye sikuwahi kuisikia hiyo stori.

Tulipoingia uwanjani, viti 60,000, taa kama mchana, mzee akasimama kwenye ngazi kimya. Mechi imeanza, baada ya muda ananivuta shati: "Mwanangu, mbona hakuna anayetangaza?" Jamani! Kwake mpira ni sauti. Nikamfungulia redio ya intaneti kwenye simu, akaiweka sikioni. Sasa ile redio inachelewa. Sopu kafunga penati kabla ya mapumziko, mzee kashangilia. Sekunde kadhaa mbele mtangazaji naye kaliona bao, mzee kashangilia tena! Kipindi cha pili Tshabalala akapiga kichwa, 2-0. Mama akaruka kwa sababu ni mtu aliyecheza Simba miaka mingi, na mzee wa Yanga akamkumbatia mbele za watu. Wanaowajua wazazi wa Kipare wataelewa uzito wa jambo hilo.

Sasa nirudi kwa rumeti wangu. Nilimuuliza swali moja: mara ya mwisho familia yenu nzima kupanda gari moja ilikuwa lini? Akafikiria, akasema msiba wa bibi. Nikamwambia hata sisi, kabla ya hapo ilikuwa msiba. Angalieni wenyewe: ukitokea msiba Koasta inapatikana usiku huo huo, michango inapatikana, hata wenye madeni wanatoa. Hakuna anayeuliza jiko litaezekwa na nini. Ila mzazi akiwa mzima, anaona, anacheka, tunaita anasa.

Sisemi watu waache ada wakaangalie mpira. Jiko linalovuja linamuumiza mama, na boom likitoka nitapeleka angalau bati mbili, nimejiwekea nadhiri. Ila bati nitanunua hata mwakani. Ile safari nisingeinunua popote.

Stars walitolewa na Morocco 1-0 robo fainali, palepale kwa Mkapa, tarehe 22 Agosti. Mzee alisikiliza akiwa nyumbani, kwenye redio yake. Nilipompigia kumpa pole akanijibu: "Tumefungwa, lakini safari hii nilikuwa naona."

Wengi wetu tunawapigia wazazi pale tu boom linapochelewa. Leo mpigie mzee wako, muulize ni wapi angependa kufika. Usimuahidi kitu, muulize tu.

Ni mtazamo wangu. Nawasilisha.