Ng'ombe wa misuli mikubwa: Faida ni ya nani, gharama ni ya nani?

Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha nguruwe waliorekebishwa vinasaba ili wasishambuliwe na PRRS, ugonjwa wa virusi unaoharibu mimba na mapafu ya nguruwe. Miaka mitatu kabla, mwaka 2022, Kenya ilikuwa imetoa mwongozo wa kusimamia teknolojia hiyo.

Kwa hiyo mfugaji wa Afrika Mashariki atazidi kusikia habari za vinasaba kutoka kwa wauza mbegu za mifugo. Kabla hajatoa fedha, ni vyema ajue kinasaba hufanya kazi gani na hasara yake humwangukia nani. Mfano mzuri ni Belgian Blue, ng'ombe wa nyama wa Ubelgiji, aliyepatikana kwa kuchagua madume kizazi hadi kizazi.

Amri ya kuanza na amri ya kusimama

Vinasaba ni maagizo yaliyomo ndani ya seli za mwili. Kwa kufuata maagizo hayo seli hutengeneza protini, na protini ndizo hutenda kazi. Seli ya ini na seli ya msuli za ng'ombe mmoja zina maagizo yale yale. Tofauti ni maagizo yapi yanasomwa na yapi yamefungwa.

Mwaka 1987 watafiti wa Seattle, Marekani, waliwasha kinasaba kimoja kiitwacho MyoD ndani ya seli za panya ambazo hazikuwa za msuli. Seli hizo ziligeuka kuwa za msuli. Hiyo ni amri ya kuanza.

Amri ya kusimama ilijulikana mwaka 1997. Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza protini iitwayo mayostatini, ambayo huzuia misuli isikue kupita kiasi. Panya walioondolewa kinasaba chake walikuwa na misuli mikubwa mara mbili hadi tatu ya kawaida. Mwaka huo huo ilibainika kuwa Belgian Blue ana kasoro katika kinasaba hicho hicho: herufi 11 za maagizo hazipo. Protini haikamiliki, na breki haishiki.

Ikumbukwe kuwa idadi ya nyuzi za msuli wa ng'ombe hupangwa zaidi akiwa bado tumboni. Baada ya kuzaliwa, chakula hunenepesha nyuzi zilizopo. Ndiyo maana mashudu peke yake hayawezi kumgeuza zebu kuwa Belgian Blue.

Hesabu ya buchani

Chukua ng'ombe wawili wenye kilo 400 kila mmoja. Wa kawaida akitoa asilimia 50 baada ya kuchinjwa, zinabaki kilo 200. Mwenye misuli mikubwa akitoa asilimia 65, zinabaki kilo 260. Tuseme kilo ni Sh10,000. Tofauti ni Sh600,000.

Lakini fedha hizo zinaingia mfuko wa nani? Katika minada mingi bei hupangwa kwa kumtazama ng'ombe. Penye mizani hupimwa akiwa hai, na kwa mizani hawa wawili ni sawa. Ziada huonekana baada ya kuchinja, wakati mfugaji ameshapanda basi kurudi kwao. Anayefaidika ni mwenye bucha.

Gharama nayo inabaki zizini. Ndama asiye na breki hujaa nyama kabla ya kuzaliwa, na njia ya mama yake ni nyembamba. Katika mifugo halisi ya Belgian Blue, zaidi ya asilimia 90 ya ndama hutolewa kwa upasuaji. Mbelgiji anaweza kwa sababu daktari wa mifugo yuko karibu na bei ya nyama inalipa. Aidha, moyo, mapafu na tumbo la ng'ombe huyu ni vidogo kulingana na mwili wake. Anahitaji chakula chenye nguvu nyingi, na joto humsumbua.

Mtamba wa Sh1,500,000 akifia kwenye uzazi, amefuta ziada ya nyama ya ng'ombe wawili na nusu, mbali na ndama na maziwa yaliyopotea.

Njia ya kati

Kila ndama hupokea nakala mbili za kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Chotara wa Belgian Blue ana nakala moja mbovu na moja nzima, hivyo breki inashika kiasi. Huongeza nyama, na uzazi huwa na nafuu kuliko wa ng'ombe halisi wa aina hiyo. Wafugaji wa maziwa wa Uholanzi na Uingereza hutumia mbegu hiyo kwa ng'ombe ambao hawatarajii mrithi kutoka kwao, kisha huuza ndama kwa ajili ya nyama.

Mfugaji akibakiza mtamba chotara na kumhimilisha tena kwa Belgian Blue, kwa wastani nusu ya ndama watapata nakala mbili mbovu. Hapo hatari inarudi.

Hivyo basi, mfugaji asiishie kuuliza bei ya mbegu. Aulize dume ana nakala ngapi mbovu, na ndama wake huzaliwaje. Ajue daktari anayeweza kupasua yuko umbali gani na anatoza kiasi gani. Zaidi ya yote, awe na mnunuzi anayelipa kwa kilo za nyama iliyochinjwa. Asipompata, atakuwa anamnenepeshea mwenye bucha.

Kwa wanyama wa maabara nako liulizwe swali lile lile: protini iliyoguswa ilikuwa na kazi gani nyingine? Katika nguruwe wale wa Marekani kiliondolewa kipande tu cha protini ya CD163, kile ambacho virusi hukitumia kama mlango, na sehemu iliyobaki ikaachwa. Muuzaji asiyeweza kutoa jibu la namna hiyo hastahili fedha ya mfugaji.