Kumbukumbu za Mvua Chini ya Ziwa Tanganyika

Wakazi wa Kasingirima na sehemu nyingine za Kigoma-Ujiji wameshuhudia maji ya Ziwa Tanganyika yakipanda katika miaka ya karibuni. Wazee hulinganisha hali hiyo na ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kumbukumbu za binadamu ni fupi. Zilizo ndefu zimelala chini ya ziwa lenyewe, nazo zastahili kusomwa.

Kila mwaka Mto Malagarasi na Mto Luiche huleta udongo ziwani, na viumbe vidogo vya majini hufa na kuzama. Hivyo mashapo yamerundikana tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka.

Mabadiliko ya mvua za kale yana sababu nyingi, na mojawapo iko angani. Umbo la njia ya Dunia kulizunguka Jua hubadilika kwa vipindi vya miaka 100,000 hivi. Mlalo wa mhimili wake, miaka 41,000. Na kuyumba kwa mhimili huo, kama pia inayozunguka, miaka 23,000 hivi. Milutin Milanković wa Serbia alipiga hesabu za mambo hayo. Mwaka 1976 Hays, Imbrie na Shackleton walionyesha vipindi hivyo katika mashapo ya sakafu ya Bahari ya Hindi.

Katika mawe ya chokaa ya baharini, chombo hushushwa ndani ya shimo lililochimbwa, kikapima mionzi ya gama. Tabaka zenye udongo wa mfinyanzi hutoa mionzi mingi. Chokaa safi hutoa kidogo. Tuseme kipimo hupanda na kushuka kila baada ya mita 2.3, na mashapo yalijengeka kwa kasi ya sentimita 10 kila miaka 1,000. Mwanafunzi atapata jibu la miaka 23,000. Lakini kasi hiyo lazima ithibitishwe kwa njia nyingine. La sivyo, mtu ataona mpango anaoutaka mwenyewe.

Ziwa Tanganyika limekwisha kutoa onyo la namna hiyo. Mwaka 2008 Jessica Tierney na wenzake walitangaza matokeo ya mashapo yake ya miaka 60,000. Mvua hazikufuata kwa urahisi kuyumba kwa mhimili, kama wengi walivyotarajia. Hata hivyo, miaka 60,000 haifikii vipindi vitatu vya miaka 23,000, wala kimoja cha miaka 100,000. Ushahidi huo hautoshi kufunga kesi.

Katika Ziwa Nyasa uchimbaji wa mwaka 2005 ulifika mita 380 hivi chini ya sakafu, ukafichua ukame mkubwa uliolipunguza ziwa hilo kwa mamia ya mita. Mwaka 2019 wataalamu walikutana Dar es Salaam kuzungumzia uchimbaji kama huo katika Tanganyika. Mpango huo wafaa kuungwa mkono.

Wako watakaosema kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kujenga zahanati. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini zahanati, bandari na mialo hujengwa ukingoni mwa ziwa, na asiyejua ziwa laweza kupanda au kushuka kiasi gani hujenga kwa kubahatisha.

Sharti moja liwekwe: vipimo vya mashimo hayo vifike madarasani Kigoma, na vijana wa huko wafunzwe kuvisoma. Si haki kumbukumbu za ziwa zifahamike ng'ambo kabla ya kufahamika Ujiji.