Kifaransa cha Jirani

Ndugu zangu wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na Malinyi,

Mtoto wa bonde hili hakui na lugha moja. Kwa bibi anaitika kwa Kindamba au Kipogoro, mtaani anacheza kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza anafundishwa kwa Kiingereza. Mzazi mwenzangu akiniambia Kifaransa kitamchanganya mwanawe, namwomba ahesabu kwanza lugha ambazo mtoto huyo anazimudu tayari.

Wengi tukisikia Kifaransa tunawaza Paris. Mimi nawaza Lubumbashi. Waulizeni wanaopitisha mizigo Tunduma kwenda Kongo. Sokoni Lubumbashi Kiswahili kinakupokea vizuri mno: utasalimiana na watu, utapatana bei, utaalikwa chakula. Ila karatasi ikishawekwa mezani imeandikwa "facture" (ankara), "poids net" (uzito halisi), "douane" (forodha), na hapo unaanza kumtafuta mtu wa kukusomea mkataba wako mwenyewe. Huyo anayekusomea ndiye anayeishika bei yako. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, lakini lugha rasmi ya serikali na mahakama ni Kifaransa. Kwa majirani zetu wa Burundi nako Kifaransa kimeshika makaratasi mengi.

Na majirani hawa sasa ni wa nyumba moja nasi. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022. Mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Reli ya TAZARA inayopita hapa kwetu inafika Kapiri Mposhi, na hapo inaungana na reli ya Zambia inayoelekea Kongo. Mchele wetu una sifa. Wenye kuupeleka mbali wanahitaji vijana wanaosoma ankara bila mkalimani.

Kuna pia upande wa afya, ambao Ifakara hatuwezi kuuruka. Mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara yake hapa mwaka 1957, na leo mji wetu unajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Wenzetu wanaopambana na ugonjwa huohuo wako Mali, Burkina Faso na Senegal, na wanazungumza na serikali zao kwa Kifaransa. Kijana wa hapa anayekesha akihesabu mbu angefaidika sana kuwasoma moja kwa moja.

Ombi langu ni dogo. Shule yenye mwalimu wa Kifaransa, tusiwakataze watoto kulichagua somo hilo. Pasipo na mwalimu, tuanzishe darasa la jioni, siku mbili kwa wiki. Miongoni mwetu wapo waliosoma Kifaransa chuo kikuu, wapo pia waliokulia Bujumbura au Bukavu, tafadhali jitokezeni. Mwenye chumba akitoe. Sisi wazazi tutachanga chaki, daftari na nauli ya mwalimu.

Siku ya kwanza kila mtu aje na kisanduku cha dawa kutoka nyumbani kwake. Baadhi vina Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Tutaanza na neno "comprimé", yaani kidonge, kisha tutasoma mstari unaofuata.