SHAHIDI WA MUNGU HASEMI UONGO

Vijana wetu walio vyuoni wananiuliza: "Pasta, kama mwanga wa nyota umesafiri mabilioni ya miaka, tuamini darasa au tuamini Biblia?" Swali hili si la kukemewa. Ni la kujibiwa.

Wako watumishi wanaosema Mungu aliumba mwanga ukiwa tayari njiani, ukikaribia kufika. Nawaheshimu, lakini jibu hilo silikubali.

Mwaka 1987 watu waliona nyota ikilipuka katika galaksi jirani iitwayo Wingu Kubwa la Magellan. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado ule ulichukua kama miaka 160,000 kutufikia. Ikiwa uliumbwa njiani juzijuzi, basi nyota ile haikulipuka kamwe. Mungu atakuwa ametuonyesha mbinguni habari ya jambo ambalo halikutokea. Hasha! Uongo haumo ndani yake (Hesabu 23:19, Tito 1:2).

Na hiyo ni galaksi ya jirani. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021, imenasa mwanga uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 13. Anga linapotanuka, mwanga huo huvutika kama lastiki, hadi macho yetu hayauoni tena. Wataalamu hupima umevutika kiasi gani, ndipo wakajua umetoka mbali kiasi gani. Aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka alikuwa padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Hakuiacha imani yake.

Mwanzo 1 inatuambia ni NANI aliyeumba. Haikuandikwa iwe rula ya kupimia galaksi. Na Zaburi 19 inazifanya mbingu kuwa shahidi wa Mungu. Shahidi aliyeitwa na Mungu mwenyewe, tutamwitaje mwongo?

Mzazi, kijana akikuletea swali hili, usimwambie ana roho ya mashaka. Keti naye. Ukimlazimisha achague kati ya darubini na Yesu, unaweza kumpoteza kwa sharti ambalo Yesu hakumwekea.

Leo usiku toka nje, inua macho. Aliyeungoza mwanga ule safari yote hiyo bila kupotea hajapoteza njia ya kufika kwako.

Kama unaamini, andika AMINA, kisha mtumie kijana mmoja aliye chuoni.