Ndoa Si Safari Isiyo ya Lazima

Miongoni mwa maneno yaliyotwishwa mzigo usio wake mwaka 2020 ni neno "lazima". Ugonjwa wa Korona ulipobisha hodi, serikali za dunia nzima, yetu ikiwa mojawapo, ziliwataka watu waahirishe "safari zisizo za lazima", na redio zikalikariri fungu hilo la maneno asubuhi na jioni hata likawa kama salamu. Ilikuwa nadra kumsikia mtu akiuliza: lazima kwa nani? Ndege za abiria kutoka na kwenda ng'ambo zilipopigwa marufuku nchini tarehe 25 Machi mwaka huo, ndege za mizigo ziliendelea kuruka, na maua ya Naivasha yakaendelea kupelekwa Ulaya. Mke aliyekuwa akingoja kumfuata mumewe hakuwa mzigo wala ua. Akaambiwa asubiri.

Ndugu msomaji, nisieleweke vibaya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, watu walikufa, na hakuna serikali yenye akili ambayo ingeacha milango wazi kama kwamba hakuna jambo. Sina ugomvi na mlango uliofungwa kwa muda. Ugomvi wangu ni na saa iliyokuwa ukutani nyuma ya mlango huo, ambayo haikusimamishwa hata kwa dakika moja.

Kwa watu wa Kakuma makufuli yalikuwa matatu. Tarehe 17 Machi 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) yalitangaza kusimamisha safari za wakimbizi wanaohamishiwa nchi za tatu. Safari hizo zilianza kurejea mwezi Juni. Siku tatu baada ya tangazo hilo, balozi za Marekani kote duniani zikasitisha huduma za kawaida za viza. Kisha tarehe 29 Aprili serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuingia na kutoka katika kambi za Kakuma na Dadaab. Kwa hivyo aliyekuwa na mume ng'ambo hakuweza kumfuata, na aliyekuwa na mume Nairobi au Lodwar hakuweza kumfikia wala kufikiwa. Kwa hesabu ya UNHCR, wakimbizi waliohamishiwa nchi nyingine kwa msaada wa shirika hilo walikuwa 63,726 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa 22,770 tu.

Sasa turejee kwenye saa. Mkimbizi aliyepokewa Marekani ana haki ya kumwita mkewe au mumewe, pamoja na watoto wake walio chini ya umri wa miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Hufanya hivyo kwa kujaza fomu nambari I-730. Haki hiyo ina masharti mawili ambayo kila familia ya Kakuma inayajua kwa moyo: ndoa iwe ilikuwapo kabla ya yule aliyetangulia kuingia Marekani, na fomu iwasilishwe katika muda wa miaka miwili tangu aingie. Nchini Kanada muda wenyewe ni mwaka mmoja. Juu ya hayo kuna vyeti vya afya vinavyopitwa na wakati baada ya miezi michache, na uchunguzi wa usalama ambao nao huchakaa. Cheti kimoja kikiisha, mwombaji hurudi kukitafuta. Akikipata, kingine kimekwisha. Hata katika miaka ya kawaida watu wamezeeka katika mzunguko huo. Mwaka 2020 ofisi zilifungwa, madaktari wakaacha kupima, maafisa wa kuwahoji wakimbizi wakaacha kusafiri, lakini tarehe za mwisho zilizoandikwa katika karatasi zikabaki palepale.

Nitajibiwa kwamba sheria ya Marekani inamruhusu afisa kuongeza ile miaka miwili kwa sababu za kibinadamu. Ni kweli. Lakini huruma huombwa, na kuomba kwenyewe kunahitaji wakili, au angalau mtu anayejua kwamba mlango huo upo. Haki na huruma ni maneno mawili tofauti katika kila lugha niijuayo.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda akadhani haya ni mambo ya wakimbizi peke yao. Hasha. Kataboi ni kijiji cha Waturkana kilichoko magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol, na wenyeji wake hawakukimbia kutoka kokote. Lakini samaki wa ziwa hilo, wakishakaushwa, husafirishwa kupitia Kalokol na Lodwar hadi Kakuma, ambako Wakongo hasa wanawapenda. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Watu wakinunuliana na kuuziana samaki, mbuzi, kuni na makaa kwa zaidi ya miaka thelathini, hapakosi kutokea posa.

Tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba binti wa Kataboi amechumbiwa na kijana wa Kidinka aliyekulia Kakuma. Wote wawili wametoka katika jamii za wafugaji ambazo ndoa kwao haifungwi, bali hujengwa. Katika mila ya Waturkana mifugo hutolewa, ng'ombe dume huchomwa mkuki, bibi arusi huhamia kwenye boma la mumewe, lile waliitalo "awi", na bado wazee watasema kwamba safari ya ndoa haijafika mwisho hadi mtoto wa kwanza aanze kutembea. Kwa Wanuer, ambao pia ni wengi Kakuma, mtaalamu Evans-Pritchard alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 kwamba ndoa hupita hatua moja baada ya nyingine na hukamilika kwa kuzaliwa mtoto wa kwanza. Nasi Waswahili, kabla fomu hazijatufundisha ufupi, tulikuwa na posa, uchumba, mahari, nikaha na kuingia nyumbani, na kila neno likitaja siku yake.

Fomu ya uhamiaji ina kisanduku kimoja tu: tarehe ya ndoa. Siku, mwezi, mwaka.

Hapo ndipo mtu wa isimu anapokosa usingizi. Kitenzi "kuoa" katika fomu hiyo kimegeuzwa kuwa tukio la dakika moja, kama kuzaliwa au kufa, ilhali kwa watu wanaoijaza ni jambo lenye mwanzo, kati na mwisho. Mkwe wa Kataboi akiulizwa, "Bintiyo aliolewa lini?" atauliza naye, "Unakusudia lini walipokuja mara ya kwanza, au lini ng'ombe walipofika?" Tofauti kati ya majibu hayo inaweza kuwa miaka mitatu. Kijana wetu wa mfano akiitwa ghafla kwamba ndege imepatikana, huku mifugo imetolewa nusu, je, anaondoka akiwa ana mke au hana? Kwa mama mkwe ana mke. Kwa karani hana. Na akishafika ng'ambo kama kapera, ndoa itakayokamilishwa baadaye kwa nusu iliyobaki haitoshi tena kumwitia mtu kwa fomu ile.

Sheria yenyewe inakubali kwamba penye kukosekana cheti, viapo vya watu wanaoijua ndoa hiyo vinaweza kutosha. Lakini kiapo cha mzee wa Kataboi hakitoki chenyewe. Mzee hana budi kufika mbele ya kamishna wa viapo, barua ya chifu ipatikane, picha zitafutwe kwa aliyekuwa na simu siku ile, na karatasi zifike Kakuma kwa ndugu zake bwana arusi. Mwaka 2020 kambi ilikuwa imefungwa. Barua ingeweza kukaa Lodwar huku miezi ikiyoyoma.

Haifai kuficha upande wa pili. Udanganyifu ulikuwapo na haukuwa mdogo. Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio ya vipimo vya DNA, ikianzia hapa Nairobi, kwa watu waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao waliotangulia, kisha ikaendelea katika nchi nyingine za Afrika. Familia ambazo udugu wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Mpango huo wa jamaa ukasimamishwa mwaka huohuo, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 2012. Wapo waliouza nafasi, na wapo walionunua. Lakini katika idadi ile walikuwamo pia waliokosa kufika kwenye kipimo au waliokataa, na walikuwamo walezi wa mayatima, ambao hawakumdanganya mtu yeyote waliposema "mwanangu". Mtoto wa marehemu ndugu yangu ni mwanangu, katika Kiswahili na katika Kiturkana. Isitoshe, mke na mume hawana DNA moja, na Mungu atuepushe na siku watakapokuwa nayo. Kipimo cha damu hakina la kusema kuhusu ndoa, na ndiyo maana ndoa hurudishwa palepale kwenye cheti na tarehe.

Linganisha na yaliyotendeka Ulaya katika msimu uleule wa Korona. Denmark ilipoanza kufungua mipaka mwaka 2020, iliwaruhusu wapenzi wasiooana wapite kwenda kuonana, na tamko lililotiwa saini kwamba wao ni wapenzi likawa sehemu ya ushahidi uliotosha. Naipongeza Denmark bila kejeli. Ilitambua kwamba kuna safari za lazima ambazo hazina risiti. Ninachouliza ni kwa nini saini ya mpenzi wa Copenhagen ina uzito kuliko ng'ombe waliovuka uwanda mzima wa Turkana mchana kweupe, mbele ya koo mbili.

Marekani nayo iliwagawa hata wale wenye vyeti. Amri ya Rais Donald Trump ya tarehe 22 Aprili 2020, iliyotolewa kwa hoja ya kulinda ajira za Wamarekani wakati wa ugonjwa, iliwaacha wake na waume wa raia waendelee kupata viza, ila ikawazuia wale wa wakaazi wa kudumu. Mkenya mwenye kadi ya ukaazi, aliyeoa kanisani mbele ya kasisi na cheti akapewa, aligundua kwamba mkewe ni mshindani katika soko la ajira. Amri hiyo ilifutwa mwezi Februari 2021, miezi kumi baadaye.

Ugonjwa umepita, lakini ufundi wa kufunga milango haukusahaulika. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na mwezi Septemba mwaka huohuo Uingereza ikaacha kupokea maombi mapya ya wakimbizi waliotaka kuwaita wake, waume na watoto wao kwa utaratibu uliokuwapo. Safari hii hapakuwa na virusi vya kusingiziwa. Kanuni ninayoidai ni ndogo mno: serikali yoyote ikifunga ofisi zake kwa amri, siku za kufungwa zisihesabiwe dhidi ya mwombaji. Mahakama zetu hufanya hivyo zinapohesabu muda wa kukata rufaa ambao siku yake ya mwisho imeangukia sikukuu. Benki nazo hazimtozi mtu faini kwa kutolipa Jumapili.

Lakini hatuna budi kutazama nyumbani pia, kwani maradhi ya kisanduku kimoja yako hata kwetu. Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu aliyekaa katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka saba haki ya kuomba uraia. Miaka saba tangu lini? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila, na hata inakubali kwamba sehemu tu ya mahari yaweza kutosha kuithibitisha ndoa. Hapo watunga sheria walifikiri vizuri. Halafu ikataka msajili aarifiwe katika miezi mitatu tangu sherehe zikamilike, na kwamba mume na mke wafike wenyewe mbele yake kuchukua cheti. Kwa Mturkana, zimekamilika lini? Siku ya ng'ombe dume, au siku mtoto alipopiga hatua? Na kama mume yuko ng'ambo, au amefungiwa kambini kwa amri ya serikali, atafikaje mwenyewe?

Rejesta ya ndoa za kimila ingeweza kuwa na safu tatu au nne badala ya moja: siku ya posa, siku mifugo ya kwanza ilipotolewa, siku bibi arusi alipohamia, na siku wazee waliposema imekwisha. Kila tarehe iwe na shahidi wake. Karani wa ubalozi apewe nakala ya rejesta hiyo, na achague tarehe inayolingana na sheria yake, badala ya kumlazimisha mwombaji abuni moja na kisha kumwita mwongo anapojikanganya katika mahojiano ya pili. Na mmoja wa wanandoa aruhusiwe kuwakilishwa, kama vile mawakala wanavyowawakilisha watu katika kununua shamba.

Hilo halihitaji idhini ya Washington wala ya London. Linahitaji Mwanasheria Mkuu afanyie marekebisho kanuni za usajili, na msajili mwenye gari na daftari atoke Lodwar, apitie Kalokol, alale Kataboi siku mbili, kisha aende Kakuma kwa siku nyingine mbili, kila baada ya miezi mitatu.