Maana ya Maneno: Kusimamia si Kusimamisha

Msomaji wetu mmoja wa Malaba, afanyaye biashara ya nafaka, ametuletea barua kuuliza: "Bwana Mhariri, neno usimamizi maana yake hasa ni nini? Huku mpakani watu wengi huitwa wasimamizi, lakini kazi zao hazifanani." Swali lake ni jema, na huenda likawafaa wengine pia.

Asili ya neno hili ni kitenzi simama. Kutoka hapo huzaliwa vitenzi viwili vilivyo ndugu, lakini tabia zao ni mbalimbali. Cha kwanza ni simamisha, yaani kumfanya mwingine asimame. Cha pili ni simamia, yaani kusimama wewe mwenyewe kwa ajili ya jambo fulani mpaka limalizike. Usimamizi watokana na hiki cha pili.

Ndiyo maana twasema msimamizi wa mtihani, msimamizi wa arusi na msimamizi wa mirathi. Wa mtihani hawaandikii wanafunzi majibu, wala hawazuii kuandika. Yumo chumbani tangu karatasi kugawiwa hata kukusanywa. Wa mirathi hushika mali isiyo yake, na siku moja atatakiwa kutoa hesabu. Tena tusimchanganye na mkaguzi: mkaguzi huja, hutazama, huandika, kisha huenda zake, msimamizi hubaki.

Wenyeji wa Busia na Malaba waijua tofauti hii kwa miguu yao. Zamani msafiri alisimamishwa mara mbili: upande wa Kenya apate muhuri wa kutoka, kisha upande wa Uganda apate muhuri wa kuingia. Kwa sababu ya umbali uliokuwapo kati ya vituo hivyo viwili, vijana wa Busia walichukua abiria kwa baiskeli kutoka boda hata boda, na huko ndiko lilikozaliwa neno bodaboda. Siku hizi kuna vituo vya pamoja. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Yoweri Museveni wa Uganda. Aendaye Uganda hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda; ajaye Kenya, upande wa Kenya. Mahali pa kusimama pamepungua, usimamizi umebaki.

Mfano mwingine ni wa mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, ambayo haionekani kwa macho nayo hudhuru ini la mlaji. Magari yaliyobeba mahindi yakakwama mpakani. Huko kulikuwa kusimamisha. Baada ya siku chache marufuku hiyo iliondolewa, yakawekwa masharti: mwagizaji aandikishwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Huko ndiko kusimamia.

Hatusemi kwamba kusimamisha ni kubaya siku zote. Sumu ni sumu, na pengine hapana budi kuzuia. Lakini kuzuia ni kazi ya siku moja, na kusimamia ni kazi ya kila siku. Hata cheti hakina faida ikiwa aliyekitia sahihi hakulitazama gunia. Mwandishi wa safu hii alipata kumwona katika ghala moja mtu aitwaye msimamizi, ameketi barazani na daftari lake huku mvua ikiyanyeshea magunia uani. Alipoulizwa, akajibu, "Nimekwisha kuyaandika." Kwa kweli alikuwa karani. Kazi ya karani ni ya heshima, lakini mahindi yaliloa.

Basi, ndugu yetu wa Malaba, ukitaka kumjua msimamizi wa kweli, usimwulize cheo chake. Tazama ni nani asimamaye. Ikiwa ni wewe na gari lako peke yenu, huko ni kusimamishwa tu. Ikiwa yeye naye yuko kando ya mzigo wako, akiupima na kuutazama hata uvuke salama, huo ndio usimamizi, hata kama umekuchelewesha kidogo.

Nawe pia unalo fungu lako. Kabla ya kushona magunia, anika mahindi yako juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo, mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Kuvu haingoji mpakani, huanza nyumbani. Msimamizi wa kwanza wa mali ni mwenye mali.